Ubunge wa Iringa Mjini tangu 1995: ni ubishi wa Kihehe au kuna jambo jingine?

Kijana_wa_Mtwivila aliandika:

Kamwene. Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni.

Nasoma mwaka wa pili hapa chuo cha Mkwawa, Historia na Kiswahili. Tumepewa kazi ya semina: kila mtu achague jimbo moja la uchaguzi aeleze limepitia nini tangu vyama vingi viliporudi hadi uchaguzi wa 2020. Nikachagua Iringa Mjini kwa sababu ndipo ninapopanga, nikajua nitamaliza kwa wiki moja. Leo ni wiki ya tatu.

Wabunge nimewapata. Uchaguzi wa 1995 alishinda Mfwalamagoha Kibassa wa NCCR-Mageuzi. Uchaguzi wa 2000 kiti kikarudi CCM kwa Monica Mbega, akakaa vipindi viwili. 2010 akaingia Mchungaji Peter Msigwa wa CHADEMA, naye vipindi viwili. 2020 CCM wakakichukua tena kupitia Jesca Msambatavangu.

Kilichonishinda ni sababu. Kila ninayemuuliza mtaani ananipa jibu lilelile: Wahehe wabishi, damu ya Chifu Mkwawa, hawatawaliki. Kinyozi kasema hivyo, baba mwenye nyumba kasema hivyo, hata dereva wa daladala ya Ipogolo kasema hivyo. Nikaliandika. Mhadhiri akalizungushia duara jekundu, pembeni akaandika: "Ushahidi?" Mimi kwetu Singida, sina ubavu wa kubishana na mtu kuhusu kabila lake.

Naomba mwenye kumbukumbu ya chaguzi hizi anisaidie. Kwa nini jimbo hili linageuka geuka hivi? Nitashukuru sana.

---

Mnyalukolo alijibu:

Mdogo wangu, mhadhiri wako anataka ushahidi gani tena? Wajerumani walipigwa Lugalo mwaka 1891, mtu aliyewapiga ni babu yetu. Mhehe ukimlazimisha jambo anakuonyesha. Mwaka 1995 walituletea watu wanaojiona wameshashinda, tukawakataa. 2010 vilevile. Sisi tukichoka na mtu tunamtoa, hatumwogopi. Andika hivyo, ukiulizwa sema umeambiwa na wenyeji.

---

Mwalimu_Mstaafu_Kihesa alijibu:

Marahaba mwanangu. Na wewe Mnyalukolo kamwene, usinichukie kwa nitakayosema, maana mimi ni Mhehe wa kuzaliwa, baba na mama, na jibu lako nimelisikia tangu nikiwa na nguvu za kubeba ndoo kichwani.

Nimefundisha shule za msingi za mji huu miaka 34. Walimu ndio waliokuwa wakiitwa kusimamia vituo, kwa hiyo 1995, 2000, 2005 na 2010 nilikuwa ndani ya chumba cha kupigia kura, mwanzo nikiwa msaidizi, baadaye msimamizi wa kituo. Nilikula kiapo cha kutunza siri na nitakitunza: sitataja kituo wala mpiga kura. Ila niliyoyaona yakiwa hayamhusu mtu kwa jina, hayo nitasema, kwa sababu yananiuma nikisikia mji mzima unaelezwa kwa neno moja la kabila.

Nianze na hilo la damu ya Mkwawa. Mwanangu, chukua ramani. Iringa Mjini imezungukwa na nani? Kalenga iko hapo nje, ndiko kulikokuwa na ngome ya Mkwawa, na ndiko kwenye jumba la makumbusho lenye fuvu lake. Upande mwingine kuna Ismani. Sasa jiulize Kalenga na Ismani walipiga kura vipi miaka hiyo mji ulipokuwa upinzani. Ismani ilimchagua William Lukuvi wa CCM mwaka 1995, mwaka uleule mji ulipokwenda NCCR, na ikaendelea naye. Kalenga mwaka 2010 ilimpa William Mgimwa wa CCM, mwaka uleule mji ulipompa Msigwa. Mgimwa alipofariki Januari 2014 akiwa Waziri wa Fedha, uchaguzi mdogo wa Machi ulichukuliwa na mwanawe Godfrey, kwa kura nyingi sana kuliko mgombea wa CHADEMA. Kama ubishi ni damu, basi damu ilipaswa kuwa nzito zaidi Kalenga kuliko huku mjini Miomboni. Na mjukuu wa Mkwawa mwenyewe, Chifu Adam Sapi, alikuwa Spika wa Bunge tangu 1962, akakaa miaka mingi ndani ya TANU na CCM. Hakuna aliyesema huyu si Mhehe.

Huku mjini tunaishi nani? Nenda Soko Kuu asubuhi. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi ni Mkinga, anayeuza viazi ni Mbena, fundi simu katoka Songea, na wanachuo kama wewe mmetoka kila kona. Darasani kwangu mwaka fulani nilikuwa na watoto 61, nikahesabu lugha tisa za nyumbani.

Sasa nikwambie ninavyokumbuka.

Enzi za chama kimoja tulikuwa na jembe na nyumba. Wagombea wawili, wote wa chama, mmoja anapewa alama ya jembe na mwingine nyumba ili hata asiyejua kusoma achague. Rais ilikuwa ndiyo au hapana. Mama yangu hakujua kusoma. Mwaka 1975 nilimsindikiza, nikamuuliza njiani tukirudi amempigia nani. Akasema jembe, maana nyumba bila jembe mtakula nini humo ndani. Alikuwa hamjui mgombea hata mmoja kwa sura. Miaka ishirini baadaye mama huyohuyo, mwaka 1995, alitembea toka Kihesa mpaka mjini kusikiliza mkutano, akarudi na sauti imekauka kwa kushangilia. Alikuwa ameona mtu anapanda jukwaani anasema serikali imekosea, na jua halijazama. Hicho ndicho kilichotokea mwaka ule. Augustine Mrema alikuwa ametoka serikalini na kuhamia NCCR mapema mwaka huohuo, na miji ilimfuata. Kwenye urais, nchi nzima Mkapa wa CCM alipata asilimia 61 na ushei, Mrema asilimia 27 na ushei, lakini kura za Mrema zilikuwa zimerundikana mijini. NCCR walipata majimbo 16, na moja ni letu.

Usiku ule wa Oktoba 29 tulihesabia darasani kwangu mwenyewe, mahali ninapofundishia kuzidisha na kugawanya. Umeme haukuwepo darasani, tulikuwa na chemli mbili. Madawati tuliyapanga yakawa meza moja ndefu. Kila karatasi inainuliwa juu, mawakala wanaiona, inasomwa, inawekwa kwenye fungu lake. Fungu la NCCR lilipopita urefu wa lile jingine, wakala mmoja alivua kofia akaiweka mapajani, hakuivaa tena mpaka tunatia saini. Nje, ng'ambo ya uwanja chini ya mikaratusi, watu walikaa na mablanketi. Hawakupiga kelele. Walikuwa wakitazama mwanga wa chemli dirishani.

Miaka ya Mbega nitaipita haraka: 2000 na 2005 CCM walishinda na sikuona ajabu yoyote kituoni. 2005 ndio mwaka uchaguzi ulisogezwa toka Oktoba 30 hadi Desemba 14 kwa kuwa mgombea mwenza wa CHADEMA alifariki, na Kikwete wa CCM akapata asilimia 80 kwenye urais. Mji ulikuwa kijani.

Kaa hapa, mwaka 2010, maana jibu lako liko hapa.

Mwaka ule CCM walibadili utaratibu. Kura za maoni za kumpata mgombea wa chama hazikupigwa tena na wajumbe wachache wa mkutano. Kila mwanachama mwenye kadi alipiga kwenye tawi lake. Watu walifurahi sana. Jirani yangu, mama mmoja balozi wa nyumba kumi, alivaa kitenge kipya cha chama akaenda kupanga foleni tawini. Aliyeongoza kura hizo Iringa Mjini ni Frederick Mwakalebela, aliyekuwa Katibu Mkuu wa TFF, shirikisho la mpira wa miguu. Vikao vya juu vikakata jina lake kwa tuhuma za ukiukaji wa taratibu, akarudishwa Monica Mbega, mbunge aliyekuwepo, ambaye wakati huo alikuwa pia Mkuu wa Mkoa wa Kilimanjaro. Sokoni watu walisema waziwazi: mbunge wetu yuko Moshi, tukimtaka tupande basi.

Oktoba 31 jirani yangu hakutoka kwenda kupiga kura. Nilimwona alfajiri na jembe begani, anakwenda kutifua shamba kusubiri mvua za Novemba. Nikamwambia, dada, leo ni siku ya kura. Akanijibu, "Nilishapiga Agosti, wakaitupa." Hakumpigia Msigwa. Hakumpigia mtu yeyote. Na hakuwa peke yake: nchi nzima mwaka ule waliojitokeza hawakufika hata asilimia 43 ya walioandikishwa.

Kituoni kwangu nikakuta kura tatu zilizoharibika ambazo sijazisahau. Hazikuwa na alama ya vema popote. Pembeni, kwa kalamu, kwa miandiko mitatu tofauti, lilikuwa limeandikwa jina la mtu ambaye hakuwemo kwenye karatasi. Mwandiko mmoja ulikuwa mzuri, wa mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali. Sheria inasema kura ya namna hiyo haihesabiki, nikaziweka kwenye fungu la zilizoharibika, nikajaza fomu 21B, ile ya matokeo ya ubunge ya kituo, mawakala wakatia saini. Pengo la Msigwa na Mbega jimboni lilikuwa jembamba. Kila nikikumbuka zile karatasi tatu huwa najiuliza vituo vingine vilikuwa na ngapi.

Kwa hiyo mwanangu, ukiniuliza nani aliigeuza Iringa Mjini 2010, nitakwambia ni wana-CCM waliobaki shambani, pamoja na vijana waliotoka. Hao vijana walikuwa wengi na walikuwa na haki yao, sitawapunguzia. Lakini wengine walishinda nyumbani.

---

Mama_Mwanjelwa alijibu:

Shikamoo mwalimu. Mugonile nyote.

Mimi niko Mbeya, nauza mitumba ya watoto Mwanjelwa tangu 1998. Nimesoma hapo juu nikaita na mume wangu asome. Wewe kijana, futa hayo ya Kihehe kabisa, kwa sababu hadithi ya Iringa Mjini ndiyo hadithi ya Mbeya Mjini, na huku Wahehe ni wa kutafuta.

Hesabu na mimi. 1995 Mbeya Mjini ilimchagua Polisya Mwaiseje, NCCR-Mageuzi. Baadaye CCM, Benson Mpesya. 2010 CHADEMA, Joseph Mbilinyi, yaani Sugu. 2015 Sugu tena. 2020 CCM, Dk. Tulia Ackson. Weka pembeni orodha yako ya Iringa. Miaka ileile ya kugeuka, vyama vilevile, na 2020 kotekote akaingia mwanamke wa CCM. Wanyakyusa, Wasafwa, Wandali, Wakinga na Wahehe wote wameamua jambo moja mwaka mmoja? Hapana. Ni miji inayofanana, iko barabara moja ya Zambia, watu wake wanaishi kwa kuuza na kununua.

Sababu zetu za 2010 mimi nazijua kwa mikono yangu. Soko la Mwanjelwa liliungua Desemba 2006. Nilikuwa nimeleta marobota mawili siku mbili kabla, nimekopa. Nilichookoa ni mkasi na kitabu cha madeni. Kitabu kile kilikuwa cha watu wanaonidai mimi, si ninaowadai. Tukawekwa kwenye vibanda vya muda. Tukaambiwa soko jipya linakuja. Uchaguzi wa 2010 ulitukuta bado tuko kwenye vibanda. Akaja kijana mwanamuziki, amezoea kusema na watu wa mtaani kwa lugha yao, anasimama uwanja wa Ruanda Nzovwe. Unadhani tulimuuliza kabila? Mwaka uliofuata, Septemba, soko la SIDO nalo likaungua, na Novemba machinga wakapambana na polisi mpaka Sugu akaitwa awatulize.

Jambo jingine mwalimu amenikumbusha, watu kuhama. Aliyesimama na Sugu mwaka 2015 kwa CCM ni Sambwee Shitambala. Huyohuyo mwaka 2009 alikuwa mgombea wa CHADEMA uchaguzi mdogo wa Mbeya Vijijini baada ya kifo cha Richard Nyaulawa, akaenguliwa kwa kasoro ya kiapo kwenye fomu, na Mchungaji Luckson Mwanjale wa CCM akashinda. Miaka sita baadaye ameshavaa kijani. Sugu alipata kura zaidi ya 108,000, yeye 46,000 na kitu.

Kwa sasa huku jimbo limeshakatwa, Uyole imekuwa jimbo lake kuanzia 2025. Kwa hiyo ukitaka kulinganisha Iringa na Mbeya, mwisho ni 2020, baada ya hapo unalinganisha vitu viwili tofauti.

---

Kijana_wa_Mtwivila aliandika:

Mwalimu, mama, nimekosa maneno. Nimeandika yote kwenye daftari, hili la majimbo mawili kufanana sikuliona popote.

Nina maswali mawili kama hamjachoka. La kwanza, ikiwa watu walikuwa na hamu ya mageuzi kiasi kile 1995, ilikuwaje mwaka 2000 wakarudi CCM kirahisi, Iringa na Mbeya? La pili, 2020. Nikisoma magazeti, wengine wanasema wananchi walibadilika mawazo, wengine wanasema uchaguzi haukuwa wa haki. Niandike nini?

---

Mnyalukolo aliandika:

Mwalimu nimesoma mara mbili. La Kalenga sina jibu. Mama yangu yuko Kalenga, na kweli 2014 alimpigia kijana wa Mgimwa, nilimuuliza akasema, "Baba yake alituletea maji, mtoto wake nimfukuze akiwa na msiba?" Hapo hapakuwa na ubishi wowote. Nimekubali nilijibu haraka.

---

Mwalimu_Mstaafu_Kihesa alijibu:

Mnyalukolo, asante, umenipa na ushahidi mwingine wa bure. Mama yako alikuwa na sababu yake, na ukimuuliza kila mmoja taratibu utapata sababu yake.

Mama Mwanjelwa, pole sana na ule moto. Nilipita Mbeya Januari 2007 nikaenda kuona, nilikuta watu wanachambua misumari kwenye majivu.

Mwanangu, swali la kwanza ni jepesi. Watu hawakurudi CCM kwa mapenzi mapya. Walipotazama upande wa pili hapakuwa na mtu. NCCR ilikuwa imepasuliwa na ugomvi wa viongozi wake, Mrema kwa upande mmoja na Mabere Marando kwa upande wa pili, mpaka Mrema akaondoka kwenda chama cha TLP mwaka 1999. Mji ulikuwa umekipa chama kiti, chama kikagombania viti vyake chenyewe. Mama yangu, yule aliyekauka sauti, mwaka 2000 alinituma nimwangalizie kwenye karatasi kama "wale wa Mrema" wapo na alama gani. Nilimwambia siruhusiwi kumwelekeza. Alikaa kimya, akasema basi atapiga ile anayoijua.

Swali la pili ni zito na nitakujibu kwa hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo kazi yangu.

Mwaka 2015 lilikuwa wimbi la Lowassa, mgombea urais wa Ukawa, muungano wa vyama vya upinzani, watu wakiita mafuriko. CCM safari hii walimsimamisha Mwakalebela, yule waliyemkata 2010. Nilisema wakati ule wamechelewa miaka mitano. Msigwa alipata kura 43,000 na ushei, Mwakalebela 32,000 na ushei. Mwaka 2020 Msambatavangu alitangazwa na kura 36,034, Msigwa 19,331. Sasa toa na ujumlishe. CCM iliongeza kama kura 3,600 tu. CHADEMA ilipoteza zaidi ya 23,000. Na mshindi wa 2020 ana kura pungufu kuliko mshindi wa 2015. Ukijumlisha wagombea hao wawili, kura kama 20,000 zilizokuwepo 2015 hazionekani 2020, na mji haukupungua watu.

Fanya hivyohivyo kwa Mbeya Mjini. Dk. Tulia 75,225, Sugu 37,591. Linganisha na 108,000 na 46,000 za mama hapo juu. Huko CCM iliongeza zaidi ya 28,000, lakini CHADEMA ilipoteza zaidi ya 70,000, na kwa jumla kura zaidi ya 40,000 hazionekani.

Kwa nini hazionekani? Hapo ndipo watu wanapogombana. Upinzani ulikataa matokeo ya 2020 ukalalamikia mawakala wao kuzuiwa, Tume ikasema uchaguzi ulifuata sheria. Andika pande zote mbili. Lakini usiandike kwamba "wananchi walihamia CCM", kwa sababu kura 3,600 haziwezi kuitwa kuhama kwa mji. Kulikuwa na mambo mengine kabla ya siku ya kura: mikutano ya hadhara ilikuwa imezuiwa tangu 2016, madiwani wa upinzani walihama mmoja mmoja, na Sugu alifungwa mwaka 2018 akakaa gereza la Ruanda, Mbeya, kuanzia Februari hadi Mei. Kijana aliyepiga kura yake ya kwanza 2015 akiwa amesimama kwenye foleni tangu saa kumi na moja alfajiri, mwaka 2020 ninamjua mmoja, mwanafunzi wangu wa zamani, fundi seremala pale Mlandege. Nilimkuta siku ile anapiga randa. Nikamuuliza. Akanionyesha ubao, akasema, "Mwalimu, huu ni wa mtu, anautaka kesho." Ni karibu maneno ya jirani yangu wa 2010, ila huyu ni wa chama kingine.

Sasa unaona ninachokwambia tangu mwanzo? Ukitazama waliotoka kupiga kura utaandika nusu ya historia ya jimbo hili. Nusu ya pili iko kwa waliobaki shambani na waliobaki kwenye karakana, na hao hawaandikwi kwenye fomu 21B.

Ongezea na hili, limepita mwisho wa kipindi chako lakini litamfurahisha mhadhiri. Mei 2024 wabunge wawili wa zamani wa majimbo haya ndugu, Msigwa na Sugu, waligombea uenyekiti wa Kanda ya Nyasa ndani ya CHADEMA. Walikutana Makambako, katikati ya njia kati ya Iringa na Mbeya. Sugu alipata kura 54, Msigwa 52. Mwezi mmoja baadaye, Juni 30, Msigwa akajiunga na CCM. Nilikuwa na redio jikoni nikachuja chai yote nje ya kikombe.

---

Kijana_wa_Mtwivila aliandika:

Mwalimu, zile toa na jumlisha nimezifanya mwenyewe kwa mkono, zimekaa sawasawa. Naomba kitu kimoja cha mwisho: una kumbukumbu zozote za maandishi? Mhadhiri anapenda kuona karatasi.

---

Mwalimu_Mstaafu_Kihesa alijibu:

Fomu za uchaguzi sina, na mtu akikwambia anazo nyumbani muulize amezipataje. Ninalo daftari la mistari, la shule, nililonakilia matokeo yaliyobandikwa nje ya vituo vya Kihesa nilivyopita kwa miguu asubuhi ya Novemba 1, 2010. Vituo kumi na vinne. Viwili mvua ilikuwa imelowesha karatasi, hivyo nimeacha wazi mahali pa tarakimu nisizozisoma, usijazie.

Njoo Jumamosi baada ya saa nne. Ukishuka kituo cha Kihesa sokoni uliza nyumba ya mwalimu mwenye mti wa parachichi, watoto watakuleta. Daftari halitoki nje ya nyumba, utanakilia mezani. Njoo na kalamu mbili.